Utando unafyonza mwanga vizuri, mbona umeme hautoki?

"Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha na mradi wangu ni sola ya polima. Nimeyeyusha P3HT (polima inayofyonza mwanga) kwenye klorobenzini, nikaitandaza juu ya kioo chenye ITO (utando wazi unaopitisha umeme) kwa mashine ya kuzungusha, halafu juu nikaweka alumini. Spektrofotomita, mashine ya kupima ufyonzaji wa mwanga, inaonyesha utando unafyonza mwanga wa kijani vizuri sana. Hata kwa macho, ukiuinua dirishani unaona zambarau iliyokolea. Lakini nikiunga mita, mkondo ni kama haupo. Niliongeza unene mara mbili: ufyonzaji ukapanda, mkondo ukapungua. Mwenzangu anasema tatizo ni kwamba polima haipitishi umeme, niifukize kwa iodini kama walivyofanya wale waliopata Nobeli. Mzee wangu ni fundi sola Moshi, na kila nikirudi nyumbani ananiuliza kwa nini nahangaika na plastiki wakati paneli zimejaa madukani. Nimebakiza miezi minne. Niweke iodini, niongeze unene tena, au nibadili mradi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilifurahi, kwa sababu matokeo yanayokunyima usingizi ni matokeo sahihi kabisa. P3HT tupu ikiwa katikati ya ITO na alumini haitoi mkondo wa maana. Ungeniambia imetoa mwingi, ningekuomba upime upya. Kwa hiyo jibu la haraka ni hili: iodini usiweke, unene usiongeze, mradi usibadili. Kioo chako kimekosa kitu kimoja tu, mpokeaji wa elektroni. Nitaeleza kwa kirefu, maana ukilishika hili vizuri, miezi minne inakutosha.

Swali lako limebeba dhana ambayo karibu kila anayeingia kwenye fani hii huja nayo, na mimi nilikuja nayo: kwamba mwanga ukishafyonzwa, umeme umeshapatikana, kazi iliyobaki ni kuutoa nje. Ndiyo maana wewe ulipoona mkondo haupo, ukaongeza ufyonzaji. Mwenzako naye alipoona haupo, akawaza upitishaji. Mmoja ameshika mwanzo wa safari, mwingine ameshika mwisho, na katikati mmeparuka. Umeme wa polima huzaliwa hapo katikati.

Fanya jambo hili usiku wa leo, halihitaji maabara. Chukua majani machache ya mchicha, yaponde kwenye kinu, yatie spiriti kidogo ya dukani, koroga, kisha chuja kwa kitambaa ndani ya glasi. Kaa mbali na jiko, spiriti hushika moto upesi. Utapata maji ya kijani kizuri. Sasa zima taa, uimulike glasi kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Kijani kitatoweka, na maji yatawaka wekundu mzito, unaokaribia damu ya mzee. Usiwe na haraka, zungusha glasi, uangalie ule upande taa inapoingilia.

Kinachotokea humo ni hiki. Klorofili imefyonza mwanga, elektroni yake imepandishwa juu, lakini hakuna wa kuipokea. Inakaa juu kidogo, inachoka, inarudi ilikotoka, na nishati iliyobaki inatoka tena kama mwanga mwekundu. Ukimulika jani zima kwa taa ileile utaona wekundu hafifu mno, wakati mwingine usiuone kabisa. Klorofili ni ileile na mwanga ni uleule. Tofauti ni kwamba ndani ya jani hai nishati hupokezanwa kutoka molekuli hadi molekuli, ikafika mahali maalumu ambapo elektroni hunyakuliwa ndani ya pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), kabla haijapata nafasi ya kurudi. Utando wako wa P3HT ni mchicha kwenye spiriti. Unafyonza vizuri sana, kisha unairudisha nishati hiyo kama mwanga mwekundu, au unaigeuza joto.

Sasa tuingie ndani ya polima yenyewe. Mfuko wa nailoni nao ni mnyororo wa kaboni, lakini kila elektroni yake imefungwa mahali pake, ndiyo maana mfuko usiotiwa rangi hauna rangi na ndiyo maana plastiki ya namna hiyo inavikwa juu ya nyaya za umeme kwa usalama. P3HT ina mpangilio mwingine: kifungo kimoja, kifungo maradufu, kifungo kimoja, kifungo maradufu, hivyo hivyo kwa urefu wa mnyororo. Mpangilio huo unazifanya elektroni zimilikiwe kwa pamoja na atomu nyingi, na kadiri shamba lao la pamoja linavyorefuka, ndivyo nishati ya kuzipandisha inavyopungua. Unaijua habari hii kutoka jikoni. Mawese ni mekundu kwa sababu ya karotini, molekuli yenye vifungo maradufu 11 vilivyopishana namna hiyo, inayofyonza mwanga wa bluu na kuacha njano na nyekundu zipite. Ukiyachemsha mawese sana yanapauka, kwa kuwa mnyororo umekatika na shamba la pamoja limevunjwa. Ukumbuke mfano huu, tutaurudia tutakapofika kwenye uhai wa kioo chako.

Kwa P3HT, nishati ya chini inayohitajika kuipandisha elektroni ni kama elektronivolti 1.9 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya elektroni moja). Gawa 1240 kwa 1.9, unapata urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi. Mwanga wote wenye urefu wa wimbi chini ya hapo, kuanzia rangi ya chungwa kurudi kijani hadi bluu, unaweza kufyonzwa, na kijani ndicho kinachofyonzwa zaidi. Kinachobaki kupita ni wekundu na urujuani, na hiyo ndiyo zambarau unayoiona dirishani. Lazima umeona pia kwamba kwenye chupa, P3HT ikiwa bado imeyeyuka, rangi yake ni ya chungwa, halafu ikikauka juu ya kioo inageuka zambarau. Kwenye kiyeyushi minyororo imejikunja kama uzi uliotupwa; ikikauka inanyooka na kulaliana, shamba la pamoja linarefuka, na ufyonzaji unasogea upande wa nyekundu. Mabadiliko hayo ya rangi ni habari njema, yanakuambia utando wako umejipanga.

Uwezo wa kufyonza wa polima hizi ni mkubwa ajabu. Utando wa nanomita 200 hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa kijani unaoupiga, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita kama 70,000. Kaki ya silikoni ndani ya paneli za mzee wako ina unene wa mikromita zaidi ya 100, yaani nanomita zaidi ya 100,000. Ndiyo kusema, upande wa ufyonzaji huna deni lolote.

Deni lako lipo hapa. Elektroni inapopandishwa huacha nyuma nafasi tupu, tunaiita tundu, nayo ina chaji chanya. Hasi na chanya zinavutana. Fanya hesabu ndogo: nishati inayozishikilia, kwa elektronivolti, ni 1.44 gawanya kwa umbali kati yao kwa nanomita, gawanya tena kwa namba inayoonyesha jinsi mata iliyo kati yao inavyopunguza mvutano. Kwenye polima umbali ni kama nanomita 1 na namba hiyo ni kama 3.5. Jibu ni 0.41. Joto la chumba linaweza kutoa kama 0.025 tu, mara 16 chini ya hapo. Kwa hiyo joto haliwezi kuziachanisha. Zinatembea pamoja kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni Kilombero: watu wanasukumana kulia na kushoto, yeye haachi. Jozi hiyo ndiyo eksitoni. Haina chaji ya jumla, kwa hiyo hata volti ya kifaa chako haiivuti kwenda popote.

Kwenye silikoni mambo ni mepesi. Namba yake ya kupunguza mvutano ni karibu 12, na elektroni hutanda mahali pakubwa, hivyo kifungo kinachobaki ni dhaifu kuliko joto la chumba lenyewe. Mwanga ukiingia, elektroni na tundu zinaachana papo hapo. Vitabu vingi vya kufundishia sola vimeandikwa kwa ajili ya silikoni, ndiyo maana hatua hii ya kuachanisha haipewi uzito. Ukivisoma vitabu hivyo ukiwa na polima mkononi, lazima upotee. Hilo silihesabu kuwa kosa lako.

Eksitoni ya P3HT huishi pikosekunde mia chache, na katika muda huo inaweza kutangatanga kama nanomita 10 tu, basi. Tuseme utando wako ni wa nanomita 200. Hata tukisema kila eksitoni iliyozaliwa karibu na elektrodi (ITO au alumini) itavunjika ikaleta chaji, na hiyo ni kuifanyia hisani kubwa maana chuma mara nyingi huiua tu, bado zilizo ndani ya nanomita 10 ni kama moja kati ya ishirini. Nyingine zote zinakufa njiani. Ulipoongeza unene ukafanya mambo mawili kwa mpigo. Uliongeza eneo la katikati ambako eksitoni hazina pa kufika, na zile chaji chache zilizookoka ukazirefushia safari ndani ya kitu ambacho hazikitembei kwa urahisi. Mkondo ungefanya nini zaidi ya kushuka?

Sasa kuhusu iodini, na nimtendee haki mwenzako, kwa sababu anachokisema kina historia nzito. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikifukizwa kwa mvuke kama wa iodini, upitishaji wake wa umeme hupanda mara milioni nyingi. Mwaka 2000 wakapewa Nobeli ya Kemia. Ila angalia iodini inafanya nini: inanyofoa elektroni kutoka kwenye mnyororo na kuacha matundu yanayotembea. Polima inageuka kuwa kitu kinachokaribia chuma. Ukiitia kwenye P3HT yako, ile zambarau itafifia, kwa kuwa ufyonzaji unahama kutoka mwanga unaoonekana kwenda kwenye infraredi. Eksitoni chache zitakazozaliwa zitauawa na matundu yaliyojaa kila mahali. Kifaa kitapitisha umeme pande zote mbili kama waya, na alumini itaanza kuliwa na iodini. Utapata kipitishi kizuri na utakuwa umepoteza sola.

Polima iliyodopiwa, yaani iliyotiwa kitu cha kuiongezea upitishaji kama iodini ile, ina nafasi yake kwenye kifaa chako, lakini pembeni. Hujasema kama uliweka PEDOT:PSS, polima ya namna hiyo, kati ya ITO na P3HT. Kama hukuweka, weka: utando wa nanomita kama 40, karibu wazi wenye ububluu kidogo, ukaushwe vizuri kwa joto la nyuzi 120 hadi 140. Kazi yake ni kupokea matundu na kuusawazisha uso wa ITO. Basi unaweza kumwambia mwenzako kwamba wazo lake ni zuri, limekosea chumba tu.

Tuje kwa mpokeaji. Mwaka 1986 Ching Tang alitengeneza sola ya tabaka mbili za molekuli za kaboni, moja ya kutoa elektroni na nyingine ya kuipokea, akapata ufanisi wa karibu asilimia 1, kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa hatua kubwa. Mwaka 1992 kundi la Heeger, akiwemo Serdar Sariciftci, lilichanganya polima inayong'aa na fulereni, ile molekuli ya kaboni 60 iliyo kama mpira. Mng'ao wa polima ukazimika. Elektroni ilikuwa inarukia kwenye fulereni ndani ya makumi machache ya femtosekunde (femtosekunde elfu moja ni pikosekunde moja). Linganisha na maisha ya eksitoni ya pikosekunde mia chache: uhamisho unawahi mara elfu kadhaa kabla ya kifo. Mashindano ya namna hiyo hayana mshindani, na karibu kila eksitoni inayofika kwenye mpaka inagawanyika. Mimi bado huona hilo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika sayansi ya mata, na nitakapokuambia hapo chini ulirudie jaribio hilo mwenyewe, usiliruke.

Kwa nini elektroni ikubali kuhama? Kwa sababu upande wa pili ni chini. Kama umewahi kutembea Marangu au Old Moshi umeona mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji ya mlima hadi vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba na kahawa. Mchimbaji wa mfongo ana tatizo lilelile la mtengeneza sola. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji yanasimama. Ukiwa mkali mno maji yanafika upesi, lakini umepoteza kimo ambacho kingemwagilia vihamba vya juu. Kimo kilichopotea kwenye mfongo ndiyo volti iliyopotea kwenye kioo chako. Kwa P3HT na PCBM, ambayo ni fulereni iliyowekewa mkia ili iyeyuke, mteremko unakaribia elektronivolti 1, na theluthi ya hapo ingetosha. Ndiyo maana unaanza na mwanga uliopandisha elektroni kwa 1.9 na mwishoni unapata volti 0.6. Hiyo 0.6 isikukatishe tamaa utakapoiona. Ni volti halali ya mchanganyiko huo.

Wapokeaji wapya wasio fulereni wamepunguza hasara hiyo sana. Molekuli iitwayo Y6, iliyotangazwa na watafiti wa China mwaka 2019, hutoa volti 0.83 hivi kutoka kwenye pengo (nishati ya kupandisha elektroni) la elektronivolti 1.33 tu, na yenyewe pia inafyonza mwanga wa karibu na infraredi ambao P3HT inauacha upite. Walianza na ufanisi wa asilimia 15.7, na leo maabara zinazoongoza zinapita 19. Je, uihamie? Kwa miezi minne iliyobaki, mimi nasema hapana. Ni ghali, inaagizwa kwa miligramu, na polima inayofaa kuoana nayo si P3HT ya kawaida uliyonayo. Soma habari zake, ziandike kwenye sura ya mapendekezo, lakini kifaa chako kijengwe kwa PCBM.

Njia za kujenga zipo mbili. Ya kwanza ni tabaka juu ya tabaka: P3HT chini, mpokeaji juu. Ni rahisi kuieleza, lakini eksitoni zinazofaidika ni zile za nanomita 10 za mwisho tu, na kiyeyushi cha tabaka la juu kinaweza kulichafua la chini. Ya pili, iliyoonyeshwa mwaka 1995, ni kuvichanganya vyote kwenye chupa moja na kutandaza mara moja. Vikikauka vinajitenga vyenyewe kwa vipande vidogo vya nanomita 10 hadi 20, vimeingiliana kila mahali. Ni kihamba. Kahawa iko chini ya migomba, na popote utakaposimama huwi mbali na mgomba wala mkahawa. Eksitoni popote izaliwapo ina mpaka jirani. Lakini kihamba nacho kinadai kitu kingine: mfongo ufike hadi mwisho bila kukatika. P3HT iwe na njia isiyokatika hadi ITO, na PCBM iwe na njia isiyokatika hadi alumini, kwa sababu hata baada ya kuhama, elektroni na tundu bado zinavutana kuvuka mpaka, na zisipopata njia pana za kukimbilia zinarudiana.

Hapo ndipo joto linapoingia. Changanya P3HT na PCBM kwa uzito sawa, au punguza PCBM kidogo, tandaza unene wa nanomita 100 hadi 200, kisha weka kioo juu ya bamba la moto la nyuzi 140 kwa dakika kama 10. Kaa hapo uangalie. Mchanganyiko ukitoka kwenye mashine huwa na rangi ya chungwa iliyochafuka, karibu na kahawia, kwa sababu PCBM imeizuia minyororo isijipange. Joto likipanda utaiona zambarau ikirudi mbele ya macho yako, ikianzia pembeni. Minyororo inajipanga, fulereni zinakusanyika, njia zinafunguka. Ukipitiliza, PCBM hukusanyika kupita kiasi, utaona sindano ndogo kwa hadubini, na mkondo utashuka kwa sababu ileile ya nanomita 10. Tengeneza vioo vitatu au vinne vya muda tofauti, uvilinganishe. Hilo peke yake ni jedwali zuri la tasnifu.

Kabla ya kuweka alumini fanya jaribio la 1992. Andaa kioo cha P3HT tupu na kingine chenye PCBM, vyote vya unene uleule, upime mng'ao unaotolewa na kila kimoja kikimulikwa. Jicho halitoshi, kwa kuwa mng'ao wa P3HT iliyokauka ni hafifu na mwekundu wa mbali, kwa hiyo utafute mashine ya kupima mng'ao. Mng'ao ukizimika karibu wote kwenye mchanganyiko, elektroni zinahama, na tatizo lolote litakalobaki lipo kwenye njia au kwenye elektrodi. Usipozimika, mchanganyiko haujachanganyika. Utaokoa wiki nzima za kubahatisha.

Ukiwa na kifaa kizuri, tegemea miliampea 8 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba chini ya jua kamili. Kama eneo lako ni sehemu moja ya kumi ya sentimita ya mraba, hiyo ni karibu miliampea 1, na mita ya kawaida ya fundi inaisoma bila shida. Ufanisi utakuwa asilimia 3 hivi, na 4 ukiwa mwangalifu sana.

Uangalifu wenyewe ni hewa. Vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa vizuri Ijumaa jioni. Nikaviacha mezani, bila kifuniko, wakati wa masika. Jumatatu alumini ilikuwa imefifia kuanzia kingo kama kioo cha zamani, na mkondo haukuwepo. Niliumia, maana mchanganyiko ule sikuwa na mwingine. Mwanga na oksijeni vikikutana kwenye polima hizi hukata ule mnyororo wa vifungo vilivyopishana, kama moto unavyoyapausha mawese na kama jua linavyokichujua kitenge kwenye kamba. Jua letu la karibu na ikweta halina huruma. Kama huna sanduku la glavu lenye naitrojeni, fanya kazi kwa mwanga hafifu, pima siku hiyohiyo, na funika kwa kipande cha kioo kilichozibwa kwa gundi ya epoksi.

Kuhusu mzee, swali lake ni la haki na linastahili jibu la heshima. Kama mteja wake anataka taa, redio na friji Majengo, mwambie wazi kwamba ampelekee silikoni. Paneli za kawaida zinapita asilimia 20 na zinakaa juu ya bati miaka 25. Hakuna polima unayoweza kuitengeneza Arusha leo itakayoshindana nazo, na usiruhusu tasnifu yako iseme vinginevyo. Mwambie pia, maana huenda ameziona, kwamba zile paneli laini zinazokunjika madukani nyingi ni silikoni au tabaka jembamba lisilo la polima, lililofunikwa kwa plastiki. Plastiki hapo ni shati tu. Polima inavutia kwa sababu inatandazwa kama wino, kwa joto la chini, kwenye kitu chepesi, na rangi yake unaichagua kwa kubadili molekuli. Unachojifunza wewe ni namna elektroni inavyobadilisha mikono, na elimu hiyo utaitumia kwenye sola, kwenye vihisio, hata kwenye betri.

Mwisho, mambo ambayo huwezi kuyamaliza kwa kusoma jibu langu. Klorobenzini ni sumu ya kuvuta. Ukipata kichwa kuuma au kizunguzungu ukiifanyia kazi, toka nje, na usirudi mpaka kabati la kuvuta mvuke limekaguliwa. Kama hakuna kabati linalofanya kazi unapofanyia mradi, simama kwanza. Mvuke wa iodini nao huunguza macho na mapafu, sababu nyingine ya kuiacha kwenye chupa yake. Nenda kwa msimamizi wako wiki hii, umwonyeshe mikondo ya gizani na ya kwenye mwanga ya vioo vya P3HT tupu kama kipimo cha kulinganishia, na umwombe akutafutie PCBM sasa, kwa kuwa kusafirisha kunaweza kula mwezi mzima. Kama jaribio la mng'ao hamna mashine yake, ulizieni Taasisi ya Nelson Mandela upande wa Tengeru, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fundi wa maabara aliyekaa na mashine miaka mingi atakuonyesha kwa dakika tano kitu ambacho mimi siwezi kukiandika.

Unapokwenda, chukua vioo vyote viwili, kile cha P3HT tupu na kile chenye PCBM, uvifunge kila kimoja kwenye foili ili mwanga usivifikie njiani. Andika tarehe, unene na muda wa joto juu ya foili, maana vikiwa vimefungwa vinafanana.